Dakika Mbili

Wametupa dakika mbili kila mtu.
Taa ya kijani, taa ya njano, taa nyekundu,
kana kwamba uchungu ni gari linalokaribia njia panda.

Naitwa Verlene Tubbs. Nimepika katika Shule ya Mtaa wa Hobart
miaka ishirini na mitatu.
Sikuja na karatasi.

Mlipoifunga mlisema paa linavuja.
Kweli, lilivuja. Nilitega sufuria zangu mwenyewe,
ile kubwa ya supu katikati ya darasa la nne,
na watoto wakajifunza kugawanya
huku matone yakiwahesabia.
Mlisema boila imezeeka, rangi ya kuta ina sumu,
jengo halifai hata kwa panya.
Tukawafunga watoto skafu, tukawapandisha basi
la saa kumi na mbili na nusu, giza bado,
kwenda ng'ambo ya reli,
ambako hakuna aliyejua kwamba Marisol hali karanga,
wala kwamba Teodor akiogopa
huitikia ndiyo kwa kila kitu.

Leo nasoma tangazo lenu:
jengo imara, la matofali, mahali pazuri,
mkataba wa miaka arobaini
kwa kampuni ya kuhifadhi vitu vya watu.
Naomba mnieleze, maana mimi ni mpishi tu:
paa limejiziba lini?
Au mvua ya Ziwa Erie huchagua,
huwanyeshea watoto, huyaonea haya makochi?

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akagonga meza.
Njano.

Sitawaficha. Mpwa wangu Lonzell ameahidiwa kazi ya ulinzi pale.
Ana mtoto wa miezi mitano. Yupo safu ya nyuma,
anazitazama buti zake.
Lonzell, sikulaumu. Njaa haisubiri ajenda.
Lakini utalinda nini, mwanangu?
Magodoro ya watu usiowajua,
chumba kile kile ulicholia juu ya herufi R
hadi ikakubali.

Tuliomba zahanati, mkasema hakuna fedha.
Tuliomba maktaba, hata ya siku tatu kwa wiki,
mkatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Halafu kuna mwimo wa mlango wa stoo ya jikoni.
Hapo niliwapima kila Septemba, kwa penseli,
jina, futi, inchi.
Mia tatu na ushei. Wengi wamenipita urefu.
Wawili tumewazika.
Mmoja ameketi mbele yangu, kiti cha tatu, tai ya buluu.
Mheshimiwa Osgood Pruitt,
ulikuwa futi tatu na inchi kumi,
na ulisimama kwa vidole.
Nilikuona.
Nikaandika hivyo hivyo.

Nyekundu.
Wakazima maikrofoni.
Mheshimiwa Pruitt alikuwa akipanga upya kalamu zake,
na mimi nilikuwa bado nasema,
ingawa sasa walionisikia ni wa safu ya kwanza tu.

Kura ikaahirishwa hadi Machi,
kwa sababu za kiutaratibu, walisema.
Tafsiri yake: watachoka.

Nje theluji ilianguka bila haraka.
Lonzell alinifungulia mlango wa gari, hakusema kitu,
nami sikumdai neno.
Tulipofika Hobart nikamwambia simama.
Mzee Wojtowicz alikuwa ngazini na beleshi lake,
anasafisha kipandio kwa kipandio mbele ya mlango wenye mnyororo,
kama afanyavyo kila majira ya baridi,
mwaka wa nne sasa.

Nikamuuliza, nani atapita hapa?
Akaegemea mpini, pumzi ikimtoka kama mvuke wa birika.
"Kesho Jumatatu," akasema. "Wataanguka."

Ilikuwa Alhamisi.
Lonzell akazima injini, akashuka,
akanyoosha mkono kulipokea beleshi.